Iulize Boriti

Msikilizaji, jioni hii naomba tuzungumze habari ya saa. Si ya mkononi, wala si ile iliyomo ndani ya simu yako. Nakusudia saa ya ukutani ya zamani, ile ya kutiwa ufunguo, yenye kisanduku cha mbao na mlango wa kioo, na nyuma ya kioo ufito mwembamba wenye kisahani cha shaba chini yake, unaoyumba kushoto na kulia kutwa kucha. Ufito huo pamoja na kisahani chake ndio wanaouita pendulamu. Saa mbili za namna hiyo zikitundikwa karibu karibu, zikabebwa na kitu kimoja, zikaachwa ziende zenyewe, huweza kutokea kwamba baada ya muda pendulamu zake zinashika mwendo mmoja. Zivuruge kwa makusudi. Shika moja uicheleweshe, kisha uondoke. Ukirudi utazikuta zimepatana tena.

Habari hii imetembea sana. Wapo wanaoitumia kwenye semina za ujasiriamali, wapo wanaoitia kwenye nasaha za harusi, kwamba hata vyuma vikikaa pamoja mwisho huwa kitu kimoja. Wengine husema saa kubwa huivuta ndogo, au maumbile yote yanapenda mpangilio. Ni maneno matamu, ila hayaelezi kitu. Saa haina habari na saa iliyo jirani. Haina jicho wala sikio. Ukitaka kujua zimepatanaje, usiziulize saa. Iulize boriti iliyozibeba.

Wa kwanza kuiuliza alikuwa Mholanzi, Christiaan Huygens, aliyezaliwa mjini The Hague mwaka 1629. Huyu bwana hakuwa mtu wa kukaa bure. Mwaka 1655 aligundua mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, tunaouita leo Titan, na ndiye aliyefafanua kwamba yale masikio yaliyoonekana ubavuni mwa Zohali ni pete inayoizunguka. Mwaka 1656 akabuni saa ya pendulamu, na mwaka uliofuata fundi saa Salomon Coster akapewa haki ya kuziunda. Kabla ya hapo saa nzuri ya Ulaya iliweza kukosea robo saa kwa siku. Saa ya Huygens ilikosea chini ya dakika moja. Sijui uvumbuzi mwingine wa karne ile uliorekebisha kitu cha kila siku kwa kiasi hicho na kwa ghafla namna hiyo.

Lakini roho ya Huygens ilikuwa baharini. Mabaharia wa wakati ule waliweza kujua wako kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota. Mashariki na magharibi ndiko walikokuwa wakibahatisha, na kubahatisha huko kulizamisha meli nyingi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake nyuzi 15 kila saa moja. Nahodha akiwa na saa inayoshika majira ya bandari alikotoka, akailinganisha na adhuhuri ya pale alipo, tofauti inamwambia amekwenda umbali gani. Kwa hiyo saa ikikosea dakika moja tu, nahodha aliye karibu na ikweta atakuwa amekosea kilomita 28 hivi. Kilomita 28 usiku, penye miamba, ni msiba.

Basi Huygens akishirikiana na Mskoti mmoja, Alexander Bruce, wakawa wanatengeneza saa za pendulamu za kusafiria. Kila meli ipewe mbili, ili moja ikisimama au ikifunguliwa isafishwe, nyingine iendelee kushika majira. Na ili saa isiinamishwe na mawimbi, kila kisanduku kilishindiliwa uzito wa risasi kiasi cha ratili 80 hadi 100. Naomba uuweke uzito huo akilini, tutaurudia. Mwaka 1664 Kapteni Robert Holmes alikuwa na saa za namna hiyo melini alipokwenda pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi, na taarifa aliyorudi nayo ilikuwa tamu mno: kwamba wenzake walikuwa wamepotea hesabu na maji ya kunywa yanakwisha, naye kwa saa zile akajua nchi kavu iko wapi. Wanahistoria wamekuja kuonyesha kwamba taarifa hiyo ilitiwa chumvi ya kutosha. Huygens hakulijua hilo. Mwanzoni mwa 1665 alikuwa mtu mwenye furaha.

Mwezi Februari mwaka huo akaugua, ikambidi abaki ndani siku chache. Mbele yake zilikuwapo saa zake mbili mpya za baharini, zimetundikwa futi moja au mbili kutoka moja hadi nyingine. Mgonjwa aliyelala hana la kufanya ila kutazama, naye akatazama. Akaona kitu ambacho hakukitarajia: pendulamu zile mbili zilikuwa zikienda sawasawa kabisa, lakini kinyume. Moja ikielekea kulia, nyingine inaelekea kushoto; zinakutana na kuachana kama viganja vya mtu anayepiga makofi. Na kwa kuwa kila saa hulia "tik" inapofika upande wake, milio yote miwili ilitoka kwa pamoja. Mtu aliyefumba macho angedhani chumbani mna saa moja.

Huygens hakuamini mara moja. Akaivuruga mojawapo. Baada ya nusu saa hivi zikarudi kwenye mwendo ule ule wa kinyume, na zikabaki hapo muda wote alioziacha. Akafikiri pengine ni hewa: pendulamu moja inapoyumba inapuliza upepo kidogo unaoifikia ya pili. Ni wazo la busara, na njia ya kulipima ni rahisi. Akaweka ubao katikati ya saa mbili kuukinga upepo. Saa hazikujali, zikaendelea kupatana. Kisha akazitenganisha, moja upande huu wa chumba na nyingine upande ule. Hapo mapatano yakavunjika, na baada ya siku moja zilikuwa zimepishana sekunde tano hivi. Yaani kwa asili yake saa hizo hazikuwa sawa. Moja ilikuwa na haraka kidogo kuliko nyingine, na tofauti hiyo ilikuwa imemezwa zilipokuwa jirani.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, na vifaa vyake viko nyumbani kwa kila mtu. Alichukua viti viwili, akaviweka mgongo kwa mgongo kwa nafasi, akalaza fito juu ya migongo ya viti, kisha akazitundika saa zake kwenye fito hizo. Akazivuruga. Na sasa, badala ya kuzitazama pendulamu, akavitazama viti. Viti vikaanza kutetemeka. Kumbuka kwamba kila saa ilikuwa na mzigo wa risasi, kwa hiyo hakuna ambaye angetazamia kipendulamu chepesi kiweze kuutikisa mtambo mzima. Lakini viti vilitetemeka na kugonga gonga sakafuni, na vikaendelea hivyo karibu nusu saa, mtetemo ukipungua kidogo kidogo, hadi pendulamu zilipofika kwenye mwendo wa kinyume. Zilipofika hapo, viti vikatulia.

Pendulamu ikiwa upande wa kulia, ufito wake unaivuta boriti kuelekea kulia. Ikienda kushoto, inaivuta kushoto. Mvuto huo ni mdogo mno, jicho halioni boriti ikisogea, lakini upo kwenye kila myumbo. Sasa weka pendulamu mbili juu ya boriti hiyo hiyo. Zikiyumba pamoja upande mmoja, mivuto yao inajumlishwa: zote mbili zinavuta kulia, kisha zote mbili zinavuta kushoto. Boriti inasogea, viti vinatikisika, maungio ya mbao yanasuguana, miguu ya viti inakwaruza sakafu. Msuguano huo haupatikani bure. Unakula nishati, na nishati yenyewe inatoka kwenye pendulamu.

Zikiyumba kinyume, moja inavuta kulia wakati nyingine inavuta kushoto kwa nguvu ile ile. Mivuto inafutana. Boriti haina sababu ya kwenda popote, kiti hakisogei, hakuna msuguano, hakuna kinacholiwa.

Sasa basi, ukizianzisha saa mbili ovyo ovyo, mwendo wake ni mchanganyiko: sehemu fulani zinakwenda pamoja, sehemu fulani zinakwenda kinyume. Ile sehemu ya pamoja inatozwa ushuru na viti kila myumbo. Ile ya kinyume haitozwi hata senti. Myumbo baada ya myumbo, sehemu ya pamoja inapungua, mpaka inabaki ile ya kinyume peke yake. Hakuna saa iliyomfuata mwenzake. Boriti imezichuja.

Utauliza, kama msuguano unakula nishati, kwa nini saa zote mbili zisisimame? Hapa inaingia ile sehemu ya saa ambayo watu wengi hawajawahi kuiona kwa sababu imefichwa nyuma ya uso wenye tarakimu. Kuna gurudumu lenye meno linalotaka kuzunguka kwa nguvu ya uzani unaoning'inia au ya springi uliyoijaza kwa ufunguo. Kuna vibati viwili vinavyolizuia na kuliachia jino moja moja kila pendulamu inapoyumba. Jino linapoachiwa huipa pendulamu msukumo mdogo. Huo msukumo ndio chakula chake, na huo mgongano wa jino na kibati ndio "tik" unayoisikia. Kwa njia hiyo saa huulinda upana wa myumbo wake, ukipungua, unajazwa. Lakini haina chochote kinacholinda myumbo uanze dakika hii au nukta moja baadaye. Ukiikokota nyuma kidogo, haitapigania kurudi pale ilipokuwa. Inaendelea na safari kutoka hapo ulipoiacha. Udhaifu huo ndio unaoipa boriti nafasi ya kuisogeza mbele au nyuma, kidogo kidogo, hadi zikapatana.

Kuna sharti jingine: mwendo wa asili wa saa hizo uwe unakaribiana. Sekunde tano kwa siku ni tofauti inayomezeka. Tofauti ikiwa kubwa boriti haiwezi kitu. Na mwendo wa asili wa pendulamu hutegemea mambo mawili, urefu wake na nguvu ya uvutano ya mahali ilipo. Pendulamu yenye urefu unaokaribia mita moja huchukua sekunde moja kwenda upande mmoja, popote duniani, karibu. Nasema karibu, kwa sababu mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, jirani na ikweta, akakuta saa yake iliyorekebishwa Paris inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Uvutano wa ikweta ni pungufu kidogo. Saa ya pendulamu iliyosawazishwa Uingereza ikaletwa Mombasa au Kampala ingechelewa kwa kiasi kama hicho, na fundi wa huku alipaswa kuufupisha ufito kwa kukaza skrubu iliyo chini ya kisahani. Hayo ni ya pembeni, turudi kwa Huygens.

Habari ya saa zake zilizopatana ilifika London, na haikupokelewa jinsi ungefikiri. Huygens aliandika barua kwa baba yake, na nyingine kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko London. Wakuu wale walisoma, na baadhi yao mwezi Machi 1665 wakatoa hoja kali: kama mtikisiko mdogo kiasi hiki, usioonekana hata kwa macho, unaweza kubadili mwendo wa saa, je, saa hiyo itafanya nini melini, kwenye tufani? Walikuwa na haki. Mtu ameleta ugunduzi mzuri kuliko yote aliyoyaona kitandani, kumbe ameleta shahidi dhidi ya kesi yake mwenyewe. Pendulamu haikuwahi kuwa saa ya kutegemewa baharini. Kazi hiyo ilikuja kufanywa karibu miaka mia baadaye na Mwingereza John Harrison, seremala aliyejifundisha ufundi saa mwenyewe, kwa saa isiyo na pendulamu kabisa.

Huygens mwenyewe aliligusa jambo hili kwa ufupi katika kitabu chake kikubwa cha saa cha mwaka 1673, na baada ya hapo likalala. Mara moja moja mtu alijikwaa juu yake. Karibu mwaka 1740 fundi saa wa London, John Ellicott, aliweka saa mbili ndefu karibu karibu, visanduku vyao vikiegemea ubao mmoja, akakuta kitu cha kushangaza zaidi: moja ilikuwa ikisimama, na nyingine ikipata nguvu. Ilipofika 1906 ndipo Mholanzi mwingine, Diederik Korteweg, akalifanyia hesabu inayoeleweka.

Kisa cha Ellicott kinaharibu ule mfano wa nasaha za harusi, na nadhani ndiyo maana hakisimuliwi. Mwaka 2002 wanafizikia wa Georgia Tech, mjini Atlanta, wakiwamo Michael Schatz na Kurt Wiesenfeld, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa saa mbili za pendulamu zilizofungwa juu ya kigari kinachoteleza. Walikuwa wakiongeza na kupunguza uzito wa kigari. Kigari kikiwa kizito sana hakisogei, saa haipati habari ya mwenzake, kila moja inakwenda kivyake. Kikiwa na uzito wa kiasi, zinapatana kinyume, kama alivyoona Huygens. Kikiwa chepesi mno, mivuto inakuwa mikubwa, na mara kwa mara saa moja inanyang'anywa myumbo wake hadi pendulamu haifiki tena pale inapoweza kuachia jino la gurudumu. Hapo hakuna msukumo tena. Saa imekufa, na jirani yake inaendelea.

Sasa ukumbuke zile ratili 80 au 100 za risasi. Huygens alizitia kwa ajili ya mawimbi. Lakini ndizo zilizoufanya mzigo wa boriti uwe mzito vya kutosha saa zisiuane, na usiwe mzito mno zikashindwa kupatana. Angetengeneza saa za kawaida za sebuleni, huenda angelala, akapona, akaamka bila kuona chochote. Mimi huwa sipendi hadithi za bahati katika sayansi, kwa kuwa huwa zinamficha mtu aliyefanya kazi. Hii naikubali, kwa sababu bahati ilimpa cha kuona tu. Ubao wa kukinga upepo na viti viwili ni akili yake.

Usidhani kwamba jibu ni moja kwa saa zote. Mwaka 2015 Henrique Oliveira na Luís Melo wa Lisbon, Ureno, walitoa maelezo ya saa zilizotundikwa kwenye ukuta mgumu usiosogea. Hapo, walisema, kinachosafiri ni sauti: kila "tik" inapita ndani ya kile kinachozibeba saa hizo kama kipigo kidogo, na kipigo hicho kikiifikia saa ya pili huisogeza kidogo mbele au nyuma kwa kutegemea imefika wapi kwenye myumbo wake. Vipigo vikijumlika, zinaishia kwenda kinyume, vile vile. Mwaka 2016 kundi jingine likiongozwa na Jonatan Peña Ramirez, Mexico, lilitundika saa mbili kubwa kwenye muundo wa mbao unaonepa. Zao zilipatana kwa kwenda upande mmoja, pamoja. Na zilipopatana, zote mbili zilianza kuchelewa. Saa mbili zinazosema jambo moja kwa sauti moja, na zote zinakosea.

Kwa nini hizo ziende upande mmoja na za Huygens kinyume? Boriti, tena. Umbo lake, uzito wake, unepaji wake na msuguano wake ndivyo vinavyoamua ni mwendo gani utozwe na upi usamehewe. Wanamuziki wana kifaa kiitwacho metronomu, cha kushikia mapigo wakati wa mazoezi. Ni pendulamu iliyopinduliwa. James Pantaleone wa Alaska aliandika mwaka 2002 kuhusu metronomu zilizowekwa juu ya ubao mwepesi, ubao wenyewe umelazwa juu ya makopo mawili matupu ya soda. Makopo yanabingirika kwa wepesi, msuguano ni mdogo, na metronomu zinaishia kwenda upande mmoja. Ni jaribio la gharama ndogo kabisa. Kwenye intaneti kuna video ya Wajapani waliofanya hivyo kwa metronomu 32, na dakika chache baada ya fujo tupu zote zinapiga kama askari wa gwaride. Ukiitazama, shusha macho uutazame ubao. Unayumba waziwazi.

Na boriti inaweza kuwa daraja. Tarehe 10 Juni 2000 London ilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Watu wakajaa, na daraja likaanza kuyumba kwenda kushoto na kulia hadi watu wakashika vyuma vya pembeni. Siku mbili baadaye lilifungwa, na halikufunguliwa tena hadi Februari 2002, baada ya kuwekewa vifaa vya kuimeza mitikisiko. Mtu anapotembea husukuma kidogo kushoto na kidogo kulia kwa kila hatua. Daraja likianza kuyumba chini yake, yeye hupanua miguu na kurekebisha hatua asianguke, na kwa kufanya hivyo anazidi kulisukuma. Wahandisi walipojaribu kuongeza watu mmoja mmoja waligundua kwamba daraja lilitulia tu, likatulia, mpaka walipofika kama watu 160; hapo likaanza kuyumba kwa nguvu. Watafiti wa karibuni wanasema si lazima watu walandane hatua ndipo daraja liyumbe, jitihada za kila mmoja kujisawazisha zinatosha, na kulandana kunaweza kuja baadaye. Vyovyote iwavyo, hakuna mtembea kwa miguu aliyemwangalia jirani yake akaamua kumfuata.

Kwetu huku jambo hili liko kwenye nyaya za umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilipozinduliwa mwaka 1954, halikukaa muda mrefu kabla ya Kenya kuanza kununua umeme wake. Kuunganisha nchi mbili kwa waya wa umeme wa namna hiyo ni kuzitundika mashine zote kwenye boriti moja. Mkondo wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kila jenereta iliyo kwenye gridi hugeuka kwa mpangilio ule ule na wenzake. Inayotaka kuchelewa husukumwa na zilizobaki kupitia waya. Inayotaka kutangulia hubebeshwa mzigo zaidi. Ila jenereta haiachwi ijipatanishe yenyewe tangu mwanzo kama saa za Huygens. Opereta kabla ya kuiingiza hutazama mita yenye mshale unaozunguka polepole, anaurekebisha mwendo wa mashine hadi mshale karibu usimame, na unapofika juu katikati ndipo anafunga swichi. Akiifunga mshale ukiwa chini, mtikisiko wake unaweza kuharibu mashine ya tani nyingi.

Ukitaka kuigusa boriti kwa mkono wako mwenyewe, saa si lazima. Chukua kamba, ifunge kati ya viti viwili vizito, isikazwe sana. Tundika kwenye kamba hiyo mawe mawili yanayolingana, kila moja kwa uzi wa urefu mmoja, kama mkono mmoja kutoka moja hadi jingine. Sukuma jiwe la kwanza peke yake, kwa kuelekea kwako na mbali nawe, na uliache la pili limetulia. Baada ya muda la pili litaanza kuyumba, na la kwanza litapungua, litapungua hadi karibu lisimame. Kisha mwendo utarudi kwa la kwanza. Ndicho alichokiona Ellicott kwa saa zake. Mawe hayatapatana kama saa, kwa kuwa hayana meno ya kuyapa chakula, na mwisho msuguano utayasimamisha yote mawili. Ila shika kamba kwa vidole viwili, katikati ya nyuzi, wakati yanapoyumba. Utausikia mwendo ukipita. Halafu fupisha uzi mmoja kwa upana wa kiganja, uanze upya: jiwe la pili litatikisika kidogo tu, na la kwanza litaendelea na safari yake kana kwamba liko peke yake.